Jasho, adui wa baiskeli za mazoezi: Namna ya kuzichagua na kuzitunza

BAISKELI ya darasa la mazoezi ya ndani haiendi popote. Haiingii kwenye mashimo ya barabarani, hainyeshewi na mvua wala haikwepi matatu. Hata hivyo, huchakaa upesi kuliko nyingi ya zile zinazobeba watu na mizigo nje. Kiini cha uchakavu huo si mwendo tu, bali pia jasho la wanaoiendesha na uzembe wa wanaoimiliki.

Hesabu yake ni rahisi. Baiskeli inayotumika katika vipindi vinne vya dakika 45 kila siku, siku sita kwa wiki, huendeshwa kwa saa 18 kila wiki, ambazo ni zaidi ya saa 900 kwa mwaka. Mfanyakazi anayeendesha baiskeli nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, siku tano kwa wiki, hafikishi hata saa 300 kwa mwaka. Kwa hivyo, mwaka mmoja wa darasani ni zaidi ya miaka mitatu ya njiani. Isitoshe, baiskeli ya darasani hupandwa na watu wa kila kimo na kila uzani, ambao huvuta na kukaza kiti na usukani wake mara kadhaa kwa siku, kisha huiacha ikiwa imelowa.

Mmiliki wa ukumbi anayenunua baiskeli kumi au ishirini bila kuyatafakari hayo huona mtaji wake ukiliwa na kutu kabla ya kuurejesha. Lakini hasara kubwa zaidi huenda ikampata mteja, ambaye hupanda akiwa hajui kwamba pedali imelegea au kwamba nguzo ya kiti imedhoofika kwa ndani.

Asili yake

Fikra ya kuendesha mtambo bila kusafiri si ngeni. Mwaka wa 1796, Mwingereza Francis Lowndes alipewa hataza ya mtambo alioupa jina Gymnasticon, uliofanyisha mikono na miguu mazoezi kwa ajili ya wagonjwa wa viungo. Meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na ukumbi wa mazoezi wenye baiskeli zisizosogea.

Darasa la baiskeli kama linavyojulikana sasa, lenye mwalimu, muziki na safu za waendeshaji, lilianzia jimbo la California, Marekani, katika miaka ya 1980. Mwanzilishi wake ni Johnny Goldberg, mwendeshaji baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyejiundia baiskeli ya kufanyia mazoezi ndani ili ajiandae kwa mbio za kuvuka Marekani. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Schwinn ilianza kuunda baiskeli za aina hiyo kwa wingi na madarasa yakaenea ulimwenguni. Jina Spinning, ambalo wengi hulitumia kwa madarasa yote ya namna hii, ni alama ya biashara ya kampuni ya Mad Dogg Athletics, na si kila ukumbi unaoruhusiwa kulitumia katika matangazo yake.

Gurudumu lisilosubiri

Tofauti kuu kati ya baiskeli hii na ile ya barabarani imo katika gurudumu. Baiskeli ya kawaida ina friwili: mwendeshaji akiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka huku pedali zikitulia. Baiskeli nyingi za darasani hazina friwili. Pedali zimeunganishwa moja kwa moja na gurudumu zito la chuma, ambalo aghalabu huwa na uzani wa kilo 13 hadi 20 au zaidi. Gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, mwendeshaji apende asipende.

Uzito huo ndio huifanya miguu izunguke kwa ulaini kama ya mtu aliye barabarani. Ndio pia chanzo cha hatari. Anayejaribu kusimamisha miguu ghafla hutupwa na pedali, na kiatu kikichomoka huku gurudumu likienda mbio, pedali humpiga muundi. Ndiyo sababu baiskeli ya aina hii huwekwa breki ya dharura, ambayo kwa nyingi huwa ni kitufe kilekile cha kuongezea ugumu: kikisukumwa chini kwa nguvu, gurudumu husimama. Baiskeli isiyo na breki hiyo, au ambayo breki yake haishiki, haifai kuingizwa darasani hata kama ni mpya.

Pedi au sumaku

Mnunuzi hukutana kwanza na swali la namna ugumu unavyoongezwa. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya msuguano, ambapo pedi ya sufu, ngozi au raba hukandamizwa juu ya gurudumu. Ya pili ni ya sumaku.

Baiskeli za pedi ni nafuu, na fundi yeyote wa baiskeli huzielewa anapozitazama. Kasoro yake ni kwamba pedi huisha, hutoa vumbi na, zikikauka, hulia. Pedi za sufu au ngozi huhitaji kulainishwa mara kwa mara kwa mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji, na hubadilishwa zikiisha. Zaidi ya hayo, pedi iliyolowa jasho na kuachwa imegusana na gurudumu kwa siku nyingi huacha alama ya kutu mahali hapo, na alama hiyo husugua pedi mpya kama tupa.

Katika baiskeli za sumaku, hakuna kinachogusa gurudumu wakati wa mazoezi. Sumaku husogezwa karibu na gurudumu la alumini, au lenye ukingo wa alumini, na gurudumu linapozunguka, mikondo ya umeme hujizalisha ndani ya alumini na kupinga mzunguko huo. Kadiri sumaku inavyolifunika gurudumu ndivyo ugumu unavyozidi. Hakuna cha kulika, hakuna vumbi wala kelele, na ugumu wa kiwango fulani leo huwa uleule kesho. Hapahitajiki umeme wa ukutani, jambo lenye faida mahali ambapo stima hupotea.

Mfano unaojulikana wa aina hii ni Keiser M3 ya Marekani, ambayo gurudumu lake liko nyuma badala ya mbele. Mtindo huo una hekima yake: jasho hudondoka mbele ya mwendeshaji, kutoka usoni na mikononi, kwa hivyo gurudumu la nyuma huepuka mvua hiyo ya chumvi. Gurudumu hilo lina uzani wa kilo zisizofika nne, lakini huzungushwa kwa kasi kubwa zaidi. Hii ni ithibati kwamba uzito wa gurudumu pekee hauwi kipimo cha ubora, ingawa wauzaji wengi huutaja kwanza.

Kwa ukumbi wenye vipindi vingi kila siku, sumaku huishia kuwa nafuu. Kwa ukumbi mdogo wa vipindi vichache kwa wiki, au kwa mtu wa nyumbani, baiskeli nzuri ya pedi inatosha.

Mnyororo au mkanda

Nguvu ya miguu huifikia gurudumu kwa mnyororo au kwa mkanda. Mnyororo ni imara, na kipuri chake hupatikana hata katika kibanda cha fundi wa mtaani. Lakini hutaka mafuta, hulegea na hupiga kelele. Mkanda wa raba iliyoimarishwa haunguruma wala hauhitaji mafuta, na ukifungwa sawasawa hudumu kwa miaka. Ukumbi ulio katika ghorofa ya juu, wenye ofisi au makao chini yake, huwa na sababu ya kutosha kuchagua mkanda.

Jambo moja lizingatiwe: mkanda haupakwi mafuta kamwe. Tone la oili huufanya uteleze, na mkanda unaoteleza katika baiskeli isiyo na friwili humfanya mwendeshaji apoteze mhimili ghafla. Hali kadhalika, mtu asinunue baiskeli ya mkanda kabla ya kuhakikisha kwamba mkanda wa badala unapatikana nchini, maana urefu na umbo lake havilingani na vya mitambo mingine.

Fremu, kiti na usukani

Fremu nyingi huwa za chuma kilichopakwa rangi. Rangi ikichubuka, kutu huanzia hapo. Fremu za alumini hazishiki kutu nyekundu, lakini mahali zinapogusana na bolti za chuma huliwa na chumvi pole pole na kuacha unga mweupe. Kwa hivyo hakuna fremu isiyohitaji matunzo. Mnunuzi aangalie viungio vyake, achunguze kama rangi imefika hadi ndani ya matundu ya nguzo, na aitikise baiskeli akiwa juu yake amesimama kwenye pedali. Inayoyumba dukani itayumba zaidi darasani.

Baiskeli ya darasani sharti imfae mfupi na mrefu. Kiti kipande na kushuka, kisogee mbele na nyuma. Usukani upande na kushuka, na ni bora zaidi ukiweza kusogea mbele na nyuma pia. Alama za nambari kwenye nguzo ni muhimu kwani humwezesha mteja kukumbuka vipimo vyake. Kila mashine ina kikomo cha uzani kinachoandikwa katika kijitabu chake. Nyingi za kibiashara hubeba kati ya kilo 120 na 160. Mmiliki akijue kikomo hicho na asione haya kumweleza mteja kwa staha.

Kuhusu pedali, ukumbi wa umma huhitaji zenye pande mbili: upande mmoja wenye kikapu na ukanda kwa anayevaa raba za kawaida, na upande wa pili wenye kishikio cha viatu maalumu vyenye chuma chini ya soli. Zenye kishikio pekee huwafukuza wageni.

Skrini na hesabu

Baiskeli nyingi za sasa huonyesha mizunguko kwa dakika na nguvu kwa wati, na baadhi huja na skrini kubwa na vipindi vya mtandaoni. Vipimo hivyo humsaidia mwalimu kuwaongoza watu wa uwezo mbalimbali katika darasa moja. Hata hivyo, kadiri baiskeli inavyoitegemea programu ya kampuni moja ndivyo maisha yake yanavyotegemea maisha ya kampuni hiyo.

Somo hilo lilionekana Marekani mwaka wa 2020. Kampuni ya Flywheel, baada ya kesi ya hataza na mshindani wake Peloton, ilikatiza huduma yake ya vipindi vya nyumbani. Wateja waliokuwa wamenunua baiskeli zake walibaki na mashine ambazo huduma iliyowavutia kuzinunua haikuwapo tena. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize swali moja: intaneti ikikatika na kampuni ikifungwa, je, baiskeli hii bado itaongeza ugumu, itapima na kusimama? Jibu likiwa ndiyo, skrini ni nyongeza nzuri. Jibu likiwa la, skrini ndiyo inayouzwa, si baiskeli.

Nyumbani si darasani

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua baiskeli za nyumbani na kuzipanga darasani. Kwa macho hazitofautiani sana, lakini beringi, ekseli ya pedali na nguzo zake zimeundwa kwa mtu mmoja au familia moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20957 huvigawa vifaa vya mazoezi kwa matumizi yake: herufi H ni ya nyumbani, S ni ya kumbi za kibiashara zenye usimamizi, na I ni ya vifaa vinavyowafaa pia watu wenye ulemavu. Sehemu ya 10 ya kiwango hicho ndiyo inayohusu baiskeli zisizo na friwili. Mwenye ukumbi atafute herufi S. Aidha, asome dhamana kwa makini, kwani watengenezaji wengi huifuta baiskeli ya nyumbani inapotumiwa kibiashara.

Bei nayo ihesabiwe kwa miaka, si kwa siku ya kununua. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba baiskeli moja inagharimu Sh60,000 na kudumu miaka miwili, na nyingine inagharimu Sh150,000 na kudumu miaka sita. Ya kwanza ni Sh30,000 kwa mwaka, ya pili ni Sh25,000, na hapo hazijahesabiwa siku ambazo ile ya kwanza imelala ikingoja fundi. Anayeagiza kutoka ng'ambo aongeze nauli ya meli, ushuru wa forodha, kodi ya VAT ya asilimia 16 na ada nyinginezo, pamoja na masharti ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Ni busara kuagiza vipuri katika shehena ileile: pedi, mikanda, jozi kadhaa za pedali, mikono ya pedali na vitufe vya breki. Kipuri kimoja kikiagizwa peke yake baadaye, nauli huweza kuipita bei yake.

Baiskeli zilizokwisha kutumika ng'ambo zinaweza kuwa na faida, mradi zikaguliwe. Mnunuzi achomoe nguzo ya kiti na ya usukani. Ikikataa kutoka, kutu imeishaifunga. Ainue kifuniko cha gurudumu atazame chini yake. Ashike mikono ya pedali aisukume kushoto na kulia. Ikicheza, ekseli imekwisha. Azungushe gurudumu bila kupanda na kusikiliza: mlio wa kusagika ni wa beringi. Baiskeli iliyokaa miezi mingi bila kutumika, kama ilivyokuwa kwa nyingi kumbi zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya janga la corona, huweza kuonekana mpya kwa juu na kuwa imeoza ndani.

Chumvi inavyofanya kazi

Mtu anayefanya mazoezi makali ndani ya chumba huweza kutoa nusu lita ya jasho au zaidi kwa saa. Barabarani upepo hulikausha, darasani hudondoka. Jasho ni maji yenye chumvi, na chumvi huharakisha kutu ya chuma. Hujikusanya mahali macho yasipofika: chini ya usukani, ndani ya matundu ya nguzo, kwenye bolti za kiti, katika uzi wa kitufe cha breki na kwenye mhimili wa gurudumu.

Mombasa, Malindi na Lamu tatizo hilo huongezeka. Hewa ya bahari huwa na unyevu na chumvi, na madirisha yakiachwa wazi usiku, baiskeli huendelea kulowa hata pasipo mtu. Katika kumbi za Pwani, ratiba ya matunzo iwe ya karibu zaidi kuliko ile ya Nairobi au Nakuru, na feni ziachwe zikizunguka kwa muda baada ya kipindi cha mwisho ili chumba kikauke.

Ratiba ya matunzo

Baada ya kila kipindi, baiskeli ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na sabuni hafifu, kisha kwa kikavu. Dawa zisinyunyiziwe moja kwa moja kwenye baiskeli, hasa karibu na skrini na vitufe, bali zinyunyiziwe kwenye kitambaa. Dawa zenye klorini, zile zinazong'arisha nguo nyeupe, ziepukwe. Huua viini lakini hula chuma na kupasua ngozi ya kiti. Kitufe cha ugumu kilegezwe ili pedi isishinde imebana gurudumu.

Kila siku, kabla ya kipindi cha kwanza, mtu mmoja apande kila baiskeli kwa muda mfupi. Ajaribu breki ya dharura, ashike kiti akitikise, aangalie kanda za pedali kama zimechanika na asikilize sauti. Dakika moja kwa baiskeli inatosha.

Kila wiki, pedali na mikono yake ikazwe. Hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Pedali ikilegea kidogo na kuendelea kutumika, hesi, yaani mikato ya skrubu, huliwa hadi mkono mzima hauna budi kutupwa. Ikumbukwe kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na kawaida, ilhali ya kulia hukazwa kama bolti nyingine. Fundi asiyejua hilo huvunja anachokusudia kutengeneza. Kabla ya kufungwa, hesi ipakwe grisi kidogo. Bolti za kiti na za miguu ya baiskeli nazo zikaguliwe wiki hiyohiyo, na baiskeli isimame sawa sakafuni bila kuchezacheza.

Kila mwezi, nguzo za kiti na usukani zichomolewe kabisa, zifutwe ndani na nje, na zipakwe kilainishi kilichotajwa na mtengenezaji. Nguzo isiyochomolewa kwa mwaka mzima huenda isichomoke tena. Mnyororo upakwe mafuta na mvutano wake upimwe. Mkanda ukaguliwe nyufa. Uzi wa kitufe cha breki usafishwe na kutiwa grisi. Hali kadhalika, baiskeli zibadilishwe nafasi, kwani za safu ya mbele na zilizo karibu na feni hupendwa na kuchakaa kabla ya nyingine.

Kila miezi sita, fundi afungue vifuniko, akague beringi, ekseli ya pedali na gurudumu, na abadilishe kilichochoka kabla hakijavunjika.

Baiskeli zote zipewe nambari na daftari. Kila hitilafu iandikwe: tarehe, tatizo, aliyetengeneza na kipuri kilichotumika. Baiskeli yenye hitilafu iondolewe chumbani. Kibandiko cha "mbovu" pekee hakitoshi, kwani mteja aliyechelewa huipanda hivyo hivyo ikiwa ndiyo iliyobaki. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye daftari huuona ufa mapema.

Kwa kazi nyingi kati ya hizi, mafundi wanaohudumia baiskeli za bodaboda na za mizigo wana ujuzi wa kutosha. Anayeweza kubadilisha beringi na kunyoosha mnyororo wa Black Mamba ataifahamu baiskeli ya darasani baada ya siku moja. Anachohitaji ni kijitabu cha mtengenezaji, spana inayopima nguvu ya kukaza na onyo kuhusu gurudumu: vidole vyake visikaribie mnyororo au mkanda huku gurudumu likizunguka, kwa kuwa halisimami lenyewe.

Chuma nacho huvunjika

Yapo mambo ambayo usafi pekee hauwezi kuyazuia. Oktoba 2020, kampuni ya Peloton iliagiza pedali za baiskeli zipatazo 27,000 zibadilishwe nchini Marekani baada ya kubainika kwamba ekseli zake zilikuwa zikikatika na kuwajeruhi watu. Mei 2023, kampuni hiyohiyo, pamoja na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani, ilitangaza kurejeshwa kwa nguzo za viti vya baiskeli zipatazo milioni 2.2. Taarifa 35 za nguzo kuvunjika zilikuwa zimepokewa, zikiwemo 13 za watu kuumia.

Visa hivyo vina mafunzo mawili. Kwanza, sehemu zinazobeba uzito wa mtu, yaani pedali na nguzo ya kiti, zina umri na huchoka hata katika kampuni yenye jina kubwa. Pili, mnunuzi ahifadhi risiti na nambari ya utambulisho ya kila baiskeli, na awe akitazama matangazo ya mtengenezaji. Anayenunua baiskeli zilizotumika huenda akawa na zile zilizokwisha kutangazwa kuwa na kasoro, na hakuna atakayempigia simu kumjulisha.

Nchini Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kulindwa afya na usalama wake, na kufidiwa kwa madhara yatokanayo na kasoro. Darasa la baiskeli ni huduma. Mwenye ukumbi aliye na daftari la ukaguzi huwa na la kujibu akiulizwa; asiye nalo hubaki na maneno matupu.

Mteja wa mara ya kwanza

Baiskeli iliyochaguliwa na kutunzwa vyema bado huweza kumuumiza aliyepandishwa vibaya. Kiti ni cha kwanza. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo, takriban nyuzi 25 hadi 35. Njia nyingine, iliyopata umaarufu kupitia kwa bingwa wa mbio za Ufaransa, Mmarekani Greg LeMond, ni kupima urefu wa mguu kwa upande wa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, na kuuzidisha kwa 0.883. Mwenye mguu wa sentimita 80 huwekewa kiti sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli ya pedali. Kiti kilicho chini mno huumiza goti kwa mbele. Kilicho juu mno huyumbisha nyonga.

Nguzo isivutwe kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Kisha mgeni aonyeshwe breki, na aijaribu mwenyewe kabla ya muziki kuanza. Aambiwe kwamba miguu husimamishwa pole pole au kwa breki, si kwa kuikaza.

Mwisho, asishurutishwe kushindana. Mwaka wa 2017, jarida la The American Journal of Medicine lilichapisha ripoti kuhusu watu walioharibika misuli vibaya baada ya darasa la baiskeli, hali ambayo huachilia ndani ya damu chembechembe zinazoweza kuathiri figo. Dalili zake ni maumivu makali ya mapaja, uvimbe na mkojo wa rangi nyeusi kama chai ya rangi, na anayeziona aende hospitalini bila kukawia. Mgeni aanze kwa ugumu mdogo, anywe maji na awe huru kuondoka kabla ya wakati.

Ukumbi hujulikana kwa mambo madogo. Mteja anayeingia mara ya kwanza na asijue chochote kuhusu sumaku wala beringi anaweza kuyatambua: usukani mkavu, kiti kisichotikisika, kitambaa kilichotundikwa mahali pa kufikika, na mwalimu anayejaribu breki kabla ya kuwasha muziki. Pasipo hayo, awe na ujasiri wa kuuliza, na asiporidhika na jibu, asipande.